Kujuana kwa Namna Nyingine: Vijana na Utafutaji wa Kazi kwenye Mtandao

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi ya Dayosisi katika semina ya vijana waliohitimu vyuo)



Nimeombwa kuzungumzia utafutaji wa kazi kwa kutumia mtandao wa LinkedIn, ulioanza Marekani mwaka 2003 na kununuliwa na kampuni ya Microsoft mwaka 2016. Lakini sitaanza na kompyuta. Nitaanza na neno "kujuana", maana najua ndilo lililo vichwani mwenu. Tunasema kazi siku hizi ni kujuana, na tukisema hivyo huwa tunanung'unika: mtoto wa mjomba wa bosi kapata, mwenye cheti kakosa. Tumeipa hata jina, undugunaizesheni.

Sasa, ipo kujuana ya aina nyingine. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichunguza watu waliobadilisha kazi katika eneo la Boston, akachapisha makala yake mwaka 1973. Wale waliopata kazi kupitia mtu aliwauliza: huyo aliyekupa habari, mlikuwa mkionana mara ngapi? Takribani 17 kwa mia tu walisema mara kwa mara. Kama 56 kwa mia walisema mara mojamoja, na 28 kwa mia walisema kwa nadra. Ukitafakari, inaeleweka. Kaka yako na rafiki yako wa kila siku wanajua yale yale unayoyajua wewe, kwani mnakaa kibaraza kimoja. Mtu wa mbali kidogo anasikia habari za kwingine. Mwaka 2022 jarida la Science lilitoa matokeo ya majaribio yaliyohusisha watumiaji wa LinkedIn zaidi ya milioni 20, nayo yakaelekea huko huko, ila kwa tahadhari moja: waliosaidia zaidi hawakuwa wageni kabisa, bali watu wa katikati, wanaofahamiana na mwombaji kiasi.

Hivyo basi, kazi ya mtandao huu ni kuwatunza watu wa katikati wasipotee. Nao mnao. Msimamizi wako wa fildi. Mwanafunzi mwenzako aliyehamia Mwanza. Mkufunzi aliyesahihisha ripoti yako. Vijana wengi hufungua ukurasa, wakaomba urafiki kwa wakurugenzi wasiowajua, kisha wakangoja. Huko ni kupoteza bando.

Na ukimwandikia mtu huyo, usiombe kazi. Omba habari. "Shikamoo mama, mimi ni yule uliyenisimamia fildi mwaka juzi kwenye vipimo vya udongo. Naomba kujua, ofisi zinazofanya kazi kama ile siku hizi zinatafuta watu wenye ujuzi gani?" Swali kama hilo linajibika. Ukisema "naomba unisaidie kazi yoyote," umembebesha mzigo asioweza kuutua, naye atanyamaza. Hapa ndipo zinapoachana kujuana hizi mbili: huyu anakuonyesha mlango ulipo, usaili unaufanya mwenyewe.

Kuhusu ukurasa wenyewe, sina mengi. Andika ulichofanya, si sifa zako. "Nimepima udongo wa mashamba 40 ya kahawa" inamwambia mwajiri jambo. "Mchapakazi, mbunifu" haimwambii kitu. Tumia Kiingereza chepesi unachoweza kukitetea kwenye usaili. Picha iwe ya uso wako peke yako, siyo ile ya harusini ambayo bega la bibi harusi bado linaonekana pembeni. Namba ya kitambulisho cha taifa na namba ya akaunti ya benki visionekane kabisa.

Niseme wazi pia kwamba mtandao huu si dawa ya kila mahali. Nafasi nyingi za serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hutumwa kwenye Ajira Portal. Huko jina la mtu unayemfahamu halijazi fomu.

Jambo linaloniumiza zaidi ni matapeli. Anakuja "afisa ajira" mwenye ukurasa unaopendeza, anataka fedha ya fomu, ya vipimo vya afya au ya viza ya Uarabuni. Mzazi anauza mbuzi. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba wakala asimtoze mtafuta kazi. Kwa hiyo akitaja fedha, simama hapo hapo. Piga simu kwenye ofisi anayoitaja, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, siyo aliyokupa yeye. Na mabinti, usaili haufanyiki gesti saa mbili usiku, hata kama anayekuita ana marafiki mia tano kwenye ukurasa wake.

Baada ya chai, kila mmoja atapewa karatasi aandike majina kumi ya watu ambao hajawasiliana nao kwa mwaka mmoja au zaidi, na mahali walipo. Tutaanza na hao. Kompyuta zipo nne, hivyo tutaingia kwa zamu, na waliotoka mbali watangulie ili wawahi basi.