MAZUNGUMZO KUHUSU UKUSANYAJI NA UKARABATI WA GARI ADIMU ZA KALE



Kukusanya na kukarabati gari za mwanzoni mwa karne ya 20 ni kazi ya subira na gharama kubwa. Mara nyingi kiwanda kilichoziunda kimekwisha kufungwa na vipuri vyake haviuzwi tena. Fundi hulazimika kuchonga upya mbao za bodi, kukereza vyuma na kushona ngozi za viti. Suala linalosahauliwa ni hili: gharama hizo hubebwa na nani, na hatimaye gari hizo ni za nani? Mkasa wa mji wa Mulhouse, mashariki ya Ufaransa, unatoa funzo.

Katika mji huo ndugu wawili, Hans na Fritz Schlumpf, walimiliki viwanda vya nyuzi za sufu. Fritz alivutiwa mno na gari za Bugatti, zilizoundwa Molsheim, katika jimbo hilo hilo la Alsace. Mwaka 1964 alinunua Bugatti 30 kwa mkupuo mmoja kutoka kwa mkusanyaji wa Marekani. Alipata pia gari mbili za aina ya Royale, ambayo ziliundwa sita tu, kila moja ikiwa na injini ya lita zipatazo 12.7. Gari zote ziliwekwa kwa siri katika kiwanda kimojawapo cha sufu, ambamo mafundi walizikarabati milango ikiwa imefungwa.

Biashara ya nguo ikadorora, viwanda vikafilisika, na ndugu hao wakakimbilia Uswisi. Mwezi wa Machi 1977 wafanyakazi waliingia katika jengo lile. Walikuta gari zaidi ya 400 zikimeta chini ya safu za nguzo za taa za mapambo, ilhali wao walikuwa wakipoteza ajira. Walilikalia jengo hilo kwa muda wa miaka miwili, wakaliita Jumba la Wafanyakazi, na wakawafungulia wananchi mlango.

Hasira yao ilikuwa na haki. Wadai nao walitaka fedha zao, na kuziuza gari moja moja kungeutawanya urithi huo duniani kote. Mwaka 1978 Serikali ya Ufaransa iliziorodhesha kuwa kumbukumbu ya kihistoria, hivyo zikalindwa zisitawanywe. Mwaka 1982 zilifunguliwa rasmi kwa umma kama makumbusho ya taifa ya magari.

Ndugu Wananchi,

Mafunzo ni mawili. Kwanza, kitu adimu kisichoandikwa katika daftari wala kuonwa na watu hakina mlinzi. Siku mwenyewe akianguka, nacho huanguka naye. Pili, ukarabati nao una mipaka. Mkataba wa Turin wa wahifadhi wa magari ya kale, uliokamilishwa mwaka 2013, unatanguliza kuhifadhi kilichopo kabla ya kukibadilisha. Rangi mpya inaweza kupakwa wakati wowote. Rangi ya asili ikishakwanguliwa hairudi.

Jina la Schlumpf lingali likitajwa katika jumba hilo. Hata hivyo, inafaa ikumbukwe kuwa gari hizo zilinunuliwa kwa jasho la wasokotaji nyuzi, na ni wao waliozitoa gizani.