Imani Yetu na Umri wa Ulimwengu

Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya kuasisiwa kwa hekalu letu



Kamati imeniomba nijibu swali ambalo vijana wetu huliuliza kwa sauti ya chini. Je, mtu aweza kuwasha taa mbele ya sanamu takatifu alfajiri, kisha akaingia darasani na kufundishwa kwamba ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8, pasipo kuwa mnafiki katika mojawapo ya mahali hapo pawili? Swali hili si la mchezo. Kijana asiyepata jibu la kweli nyumbani atalitafuta kwingine, na huenda asirudi.

Jibu linalotolewa mara nyingi katika jamii yetu ni la fahari: kwamba wahenga wetu waliyajua yote haya zamani. Hutajwa kalpa, yaani mchana mmoja wa Brahma, ambao kwa hesabu ya Purana ni mahayuga 1,000 zenye miaka 4,320,000 kila moja. Jumla yake ni miaka 4,320,000,000. Wanasayansi nao, kwa kupima madini ya asili yenye mionzi na mawe yaliyoanguka kutoka angani, wanasema dunia ina umri wa miaka ipatayo bilioni 4.5. Tazameni, husemwa, hesabu zimekutana!

Ndugu zangu, hazikukutana. Kalpa ni urefu wa mchana mzima, si muda uliokwisha kupita. Kwa hesabu ya mapokeo yetu wenyewe, tangu mchana huu uanze imepita miaka ipatayo bilioni 1.97 tu. Kijana mwerevu ataligundua hilo kwa kalamu na karatasi. Siku hiyo hataidharau hesabu peke yake. Atamdharau na mzazi aliyempa, na pengine taa aliyowasha pamoja naye. Njia ya mwongo ni fupi, hata kama mwongo huyo amesema kwa mapenzi.

La ajabu katika kalpa ni jambo jingine. Wakati ambapo watu wengi duniani walihesabu umri wa ulimwengu kwa maelfu machache ya miaka, wahenga wetu hawakuogopa kufikiri juu ya mabilioni. Walimfundisha mwanadamu udogo wake mbele ya wakati. Fundisho hilo halihitaji kuthibitishwa na darubini, wala darubini haiwezi kulifuta.

Kishawishi hiki si chetu peke yetu. Mwaka 1927, Georges Lemaître, padri Mkatoliki wa Ubelgiji aliyekuwa pia mwanahisabati, alionyesha kwamba ulimwengu unapanuka. Vipimo alivyovitangaza Edwin Hubble mwaka 1929 vilitilia nguvu wazo hilo, na mwaka 1931 Lemaître akapendekeza kwamba vyote vilianza katika chembe moja ya asili. Mwaka 1951 Papa Pius XII alizungumza kana kwamba elimu hiyo mpya inathibitisha Uumbaji. Lemaître hakuridhika. Yeye aliyevaa kanzu ya upadri ndiye aliyeonya kwamba nadharia yake isifanywe nguzo ya dini. Aliona kwamba nadharia hupimwa, husahihishwa, na wakati mwingine huachwa. Na imani iliyofungwa kwenye nadharia itaanguka pamoja nayo. Nadharia yake ilizidi kupata nguvu, hasa mwaka 1965 ilipotangazwa kwamba yamegunduliwa mabaki ya mionzi ya kale yanayotufikia kutoka kila upande wa anga. Hata hivyo, onyo lake limebaki pale pale.

Sasa nije kwa upande mwingine, maana nisingependa mdhani kwamba dini na sayansi hazigusani kamwe. Hugusana, na zinapogusana inabidi kusema kweli. Purana husimulia kwamba Rahu, aliyekatwa kichwa baada ya kuinywa amrita kwa hila, hulimeza jua kwa kisasi, na ndiyo sababu jua hupatwa. Mwaka 499, Aryabhata wa India, akiwa kijana wa miaka 23, aliandika kwamba jua hupatwa mwezi unapolikinga, na mwezi hupatwa unapoingia katika kivuli cha dunia. Alisema pia kwamba dunia yenyewe ndiyo inayozunguka, si nyota. Huyu hakuwa mgeni aliyekuja kutubomolea. Alikuwa mmoja wetu, na panditi wanaokokotoa panchang, ile kalenda inayotuonyesha usiku wa Diwali, ni warithi wa elimu aliyoitumikia.

Je, hadithi ya Rahu ikatupwa? La. Bado inatufundisha juu ya tamaa na hila, na juu ya giza linaloufunika mwanga kwa muda lakini lisiweze kuumeza. Kilichoachwa ni kuichukua kama maelezo ya mwendo wa sayari. Majirani zetu Waislamu wanalo la kufanana na hili: katika mapokeo yao, Mtume Muhammad alipofiwa na mwanawe Ibrahim na jua likapatwa siku hiyo, aliwakanya watu wasiseme kwamba limepatwa kwa ajili ya kifo hicho. Kisha akawahimiza wasali. Maelezo ya uongo yaliondolewa, na sala ikabaki.

Hapo ndipo ninapoona upatanisho wa kweli. Sayansi ina haki ya kutuambia ulimwengu ulikuwaje, kwa hatua zipi, kwa muda gani. Andiko linaposhindana nayo katika hayo, tusilikunje andiko wala tusiifiche sayansi. Tuulize andiko lilikusudia kufundisha nini. Lakini kwa nini kuwepo kitu badala ya kutokuwepo, na mimi niliyepewa miaka michache katika mabilioni haya niishi vipi na jirani yangu, hayo hayapimwi kwa darubini. Anayedai kwamba sayansi imeyafuta amevuka mpaka wake, sawa na anayedai kwamba dini imekwisha kupima nyota.

Na sisi tuna msaada ambao si kila dini inao. Katika Rigveda, kitabu cha kumi, umo wimbo uitwao Nasadiya, unaouliza ulimwengu ulitoka wapi. Hauishii katika jibu. Unakiri kwamba hata miungu ilikuja baadaye, na unathubutu kushangaa iwapo aliye juu kabisa anajua au hata yeye hajui. Andiko takatifu lililoweka shaka ndani ya ibada haliwezi kumwogopa mtoto anayeuliza.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Wazazi, mtoto akiuliza, msimjibu kwa fahari wala kwa ukali. Semeni mnachokijua, na msichokijua mkitafute naye. Na kwa kamati: tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Litafunikwa lote huko Makka na kaskazini mwa Somalia, na kwa sehemu katika Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Wapo miongoni mwetu ambao siku hiyo watafunga na kubaki ndani, nami nawaheshimu. Lakini vijana wetu na wa majirani wapewe miwani maalumu ya kukinga macho, waelezwe kivuli kile kinatoka wapi, na kikishapita, kila mmoja asali kwa namna ya nyumbani kwake.

Om shanti.