Kabla Dawa Haijafika Gotini

Wahitimu wa famasia na maabara! Najua wazazi wamekaa juani tangu asubuhi, kwa hiyo nina jambo moja tu.

Mwaka 2006 watafiti wa Pittsburgh, Marekani, walichukua seli za gegedu la ng'ombe wakaziweka kwenye bupivakeini ya asilimia 0.5, ganzi inayotumika kila siku katika upasuaji. Dakika 15 hadi 30 zilitosha kuziua. Wakati huo kulikuwa na wapasuaji waliokuwa wakiacha pampu ndogo ikidondosha ganzi begani mwa mgonjwa kwa siku mbili tatu. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, ikatoa onyo: ilikuwa imepokea taarifa 35 za wagonjwa walioharibikiwa gegedu, karibu wote begani, na zaidi ya nusu yao walilazimika kupasuliwa tena. Gegedu halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Linapokufa, mwanzoni mwenyewe hana habari.

Basi sahani ya maabara ya kupimia dawa ina faida. Ila msiiamini upesi.

Kachukue goti la ng'ombe machinjioni. Chonga vile vipande vyeupe vya gegedu vinavyong'aa, viloweke usiku kucha kwenye kimeng'enya cha kolajenesi. Kukicha una seli zako, za mviringo. Zipande kwenye plastiki bapa: zitajishika, zitarefuka, zitazaliana vizuri tu. Na kazi zitaacha! Badala ya kolajeni ya aina ya pili, ile ya gegedu, zitatengeneza ya aina ya kwanza, ile ya ngozi na kano. Benya na Shaffer walionyesha mwaka 1982 kwamba ukizihamishia ndani ya jeli ya agarosi, zinarudia kazi yake. Sasa aliyepima dawa kwenye zile za plastiki amepima gegedu gani? Kwangu mimi matokeo hayo ni tetesi.

Mtaulizwa haya kaunta. Antibiotiki ya siprofloksasini, kwa mfano, iliharibu gegedu la mbwa wachanga, ndiyo maana mtoto hapewi kiholela. Mkiletewa ripoti kwamba dawa fulani haidhuru viungo, ulizeni: seli zilikuzwa ndani ya nini, na zilikuwa zikitengeneza kolajeni ipi? Asiyejua, mrudishieni karatasi zake.