Askari Mlemavu na Rufani Yake

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Butimba)



Jambo tulilokuja nalo si geni kwenu, maana limepita juu ya meza za wengi wetu. Ni habari ya askari mstaafu aliyeumia vitani, akaomba fidia ya ulemavu wake, akajibiwa kwa barua fupi kwamba ombi lake limekataliwa. Mtu huyo afanye nini? Na sisi tulioshika kalamu yatupasa kufanya nini?

Kwanza tukumbuke jambo lililotendeka papa hapa mjini Mwanza. Katika vita ya 1914 hadi 1918 maelfu ya Waafrika walipigana katika jeshi la Wajerumani, na vita ilipokwisha walirudi makwao pasipo kulipwa mishahara yao yote. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi likakubali walipwe wale waliokuwa wangali hai. Imeandikwa kwamba ofisi ya malipo ya muda ilifunguliwa Mwanza, wakafika wazee wapatao 350. Mlipaji akataka vyeti. Wachache tu walikuwa na cheti walichopewa mwaka 1918. Wengine walionyesha vipande vya sare kuukuu. Wengine hawakuwa na kitu. Basi yule bwana akampa kila mzee ufagio, akamwamuru kwa lugha ya Kijerumani ashike silaha kama alivyofundishwa. Yasimuliwa kwamba hakuna hata mmoja aliyekosea.

Wengi husimulia kisa hiki ili wacheke. Sisi twaona kina fundisho zito. Kama mlipaji yule angalisema, "Huna cheti, nenda zako," hakuna ambaye angalimlaumu, maana angalikuwa amefuata kanuni. Lakini wazee wale wangalirudi mikono mitupu kwa mara ya pili. Walipata haki yao kwa sababu mtu aliyekaa mezani alitambua kwamba kukosa karatasi si kukosa haki, akatafuta ushahidi wa namna nyingine.

Sasa tuje kwenye vita iliyo karibu nasi zaidi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia Kagera. Jeshi letu, lililokuwa na watu wasiofika 40,000, likakuzwa kwa majuma machache hata likapita watu 150,000. Ndani yake walikuwamo mgambo wapatao 40,000, pamoja na watu wa Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Mji wetu nao ulionja vita ile: mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya ilitumwa kuupiga Mwanza, mabomu yake yakaukosa mji na kuanguka katika hifadhi ya Saanane, yakaua swala kadhaa na kumjeruhi kidogo mtumishi mmoja. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979.

Jeshi lililokuzwa kwa haraka namna ile, si ajabu madaftari yake yakawa na mapengo. Mtu aliandikwa kijijini kwa jina la babaye, kambini akaandikwa kwa jina la ubatizo. Leo vijana wale ni wazee, na mali bila daftari hupotea bila habari.

Mmoja wao alifika mezani petu. Tulimwamkia, tukampa kiti, tukaisoma barua yake. Kisha tukamwambia kwamba pasipo cheti hatuna la kumfanyia. Mzee akatutazama, akasema, "Wanangu, mguu huu ndio cheti changu. Mwataka nikatafute kingine wapi?" Akaikunja barua yake, akashika fimbo, akaenda.

Ndugu zetu, hatuna budi kukiri kwamba usiku ule hatukulala vizuri. Hatukuwa tumemdhulumu, tulikuwa tumefuata kanuni. Lakini tulikuwa hatukuisoma barua ile mpaka mwisho. Juma lililofuata tukamwita tena, tukaisoma pamoja naye neno kwa neno.

Hapo ndipo tulipoona kosa. Barua haikukana kwamba mzee ni kiwete. Ilisema tu kwamba haukuonekana ushahidi kuwa jeraha lake lilitokana na utumishi. Mzee naye, katika ombi lake la kwanza, alikuwa ameandika kurasa tatu juu ya maumivu yake, na juu ya chanzo chake hakuandika ila mstari mmoja. Alijibu swali ambalo hakuulizwa. Basi neno la kwanza katika rufani ni hili: soma sababu ya kukataliwa, ujibu hiyo.

Tukatafuta mambo matatu. La kwanza, utumishi: jina lake kwa kila namna lilivyopata kuandikwa, namba, kikosi, kambi na miezi. La pili, daktari: tulimwomba aandike zaidi ya kusema "mguu mbovu", aseme kama jeraha lile lapatana na silaha ya vita, na picha ya eksirei ikaonyesha kipande cha chuma kingali ndani ya nyama. La tatu, mashahidi: wenzake wawili waliokuwapo siku ile wakala kiapo mbele ya kamishna wa viapo, kila mmoja akasema aliyoyaona yeye mwenyewe, si aliyoyasikia.

Tena tukahesabu siku. Barua ile ilikuwa imekaa miezi minne katika mfuko wa koti, na hakuna aliyemwambia mzee kwamba muda unamwishia. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(a), humpa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufani au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Lakini haki hiyo ina muda wake. Mwenye kutaka Mahakama Kuu ichunguze uamuzi wa ofisi ya serikali hupewa miezi 6 tu. Kabla ya kufika huko, aandike kwa ofisi ile ile iliyokataa, kisha kwa iliyo juu yake; na kila barua abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Iko pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo huchunguza malalamiko na kutoa mapendekezo, ingawa haihukumu. Na asiye na fedha ya wakili aulize juu ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Wengine watasema kwamba tukilegeza ushahidi, waongo watajaa milangoni. Twajibu kwamba hatuombi ushahidi ulegezwe, bali upimwe kwa haki. Uingereza iliweka mabaraza ya rufani za pensheni za askari kwa sheria ya mwaka 1943, na katika rufani hizo shaka yenye maana ilihesabiwa upande wa askari. Sheria ile si yetu, lakini akili yake ni njema: taifa ndilo lililomwita mtu vitani, na taifa ndilo lililoshika daftari; daftari likipotea, si haki aliyeitwa alipe hasara yote.

Mtauliza mzee wetu amepata nini. Shauri lake limefunguliwa tena, naye ameitwa kupimwa upya. Jibu bado, wala hatuwezi kuwaahidi kwamba litakuwa jema. Lakini safari hii watakaomkataa, kama watamkataa, watakuwa wamemsikiliza kwanza.

Kwa hiyo twaleta ombi moja mbele ya chama. Kila tawi liweke jioni moja kwa mwezi ya kuwaandikia barua wazee wa namna hii, pasipo malipo wala chai. Na kila karani, kabla ya kusema "hapana cheti", ajiulize kama ameisoma barua mpaka mwisho. Bwana yule wa mwaka 1964 alikuwa mgeni katika nchi hii, akatafuta ufagio. Sisi wazee hawa ni baba zetu.