Kinanda na Ngoma Katika Misa Takatifu

Mkristu mmoja wa Wamaza ametuuliza: «Je, Misa yetu imepungukiwa kwa kuwa hatuna kinanda kikubwa cha mabomba, kama makanisa ya Ulaya?»

Kwanza tukijue kinanda chenyewe. Hewa ya mivukuto huingia katika mabomba ya bati na risasi, au ya mbao. Kila bomba lina sauti yake moja: refu hutoa sauti nzito, fupi hutoa sauti nyembamba. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza kinanda hicho kiheshimiwe sana. Basi tusikidharau.

Lakini hati hiyohiyo iliruhusu na vyombo vingine, mradi vifae kwa ibada na wakubwa wa Kanisa wavikubali. Tena miaka mitano kabla yake, 1958, Padri Guido Haazen na kwaya yake ya Kamina, kule Katanga, walikwisha kuimba Missa Luba: maneno ya Kilatini, ngoma za kwetu.

Swali lililo zito ni jingine: ngoma zetu zawasaidia watu kusali, au zawanyamazisha? Kwaya ikiimba «Mtakatifu» peke yake, naye mama mzee akakaa kimya, amenyang'anywa sehemu yake, maana wimbo huo ni wa waamini wote. Mpiga ngoma na alegeze mkono zaburi inapoimbwa, maneno yasikike. Nasi tunaoongoza nyimbo tuwafundishe watu wimbo mpya kabla padri hajaingia.