UKIONA VYAELEA, VIMEUNDWA
Kununua au kuunda manowari: nani hulipa gharama?

(Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei na wajumbe wa Tume za Haki na Amani za parokia)





Nilipopewa mada hii, mjumbe mmoja aliniuliza kwa mshangao: "Baba Padre, manowari na sisi wapi na wapi? Sisi hapa hata kivuko cha kuaminika hatuna." Swali lake ni la haki, nami naanza nalo. Manowari hununuliwa kwa fedha za umma. Fedha za umma hutokana na kodi iliyomo katika sukari, sabuni na mafuta ya taa anayonunua mjane. Naye atiaye sahihi mkataba wa manowari hutia sahihi kwa niaba ya mjane huyo. Kwa hiyo jambo hili si la wanajeshi na mawaziri peke yao. Ni jambo la haki, na jambo la haki ni letu.

Sikuja kuwaambia kwamba taifa lisijilinde. Kanisa hufundisha kwamba serikali ina haki na wajibu wa kuwalinda raia wake. Hati ya Baraza la Kipapa la Haki na Amani ya mwaka 1994 juu ya biashara ya silaha inaweka kipimo cha kutosha: taifa liwe na silaha za kulitosha kujilinda, wala lisirundike kupita hapo. Leo tutazame hatua inayofuata. Taifa likiisha kuamua kwamba linahitaji manowari kubwa za aina ya frigeti, je, lizinunue ng'ambo au liziunde nyumbani?

1. Somo la boti yetu

Katika parokia moja niliyoitumikia zamani, vigango viwili vilikuwa ng'ambo ya maji. Halmashauri ya Walei ilijadili: tununue boti ya faiba yenye injini, au tumpe kazi fundi wa majahazi wa pale pale? Boti ya dukani ilikuwa tayari, inang'aa, na muuzaji aliahidi mengi. Tukanunua. Sahihi iliyo kwenye hati ni yangu mwenyewe. Mwaka wa pili injini iliharibika; vipuri havikupatikana karibu, na fundi wa kuifungua hatukuwa naye. Boti ikalala chini ya mwembe, na wazee wa vigango vile wakazikwa na katekista, bila kuonana na padre katika ugonjwa wao. Tulihesabu bei ya kununua. Hatukuhesabu gharama ya kumiliki. Tangu siku hiyo, nikisoma habari za nchi inayonunua meli, huukumbuka mwembe ule.

2. Nchi iliyopita njia zote mbili

Mfano mkubwa ulio karibu nasi ni Afrika ya Kusini. Mwezi Novemba 1977 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliipiga marufuku serikali ya ubaguzi wa rangi kuuziwa silaha. Ufaransa, iliyokuwa ikiiundia nyambizi mbili na manowari ndogo mbili, haikuzikabidhi. Nchi hiyo ikalazimika kujitegemea. Katika boti zake tisa za makombora, tatu za kwanza ziliundwa Haifa, nchini Israel, na sita ziliundwa Durban. Mwaka 1987 jeshi lake la majini lilipokea meli kubwa ya kubebea mafuta na mahitaji, SAS Drakensberg, iliyosanifiwa na kuundwa nchini humo.

Tutoe fundisho la kwanza hapa. Kuunda nyumbani kunafundisha mikono ya watu, lakini hakutakasi nia. Ujuzi ule ulipatikana kwa kuulinda utawala wa dhuluma. Tena uwezo wa kuunda meli haukai ghalani kama mahindi. Karakana isipopata kazi miaka kumi, wachomeleaji na wasanifu hutawanyika, na atakayeamka kesho kutaka meli itambidi aanze na alifu.

3. Ununuzi wa mwaka 1999

Baada ya uhuru wa mwaka 1994, jeshi la majini lilikuwa na boti zilizozeeka. Mwezi Desemba 1999 serikali mpya ilitia sahihi mikataba ya silaha yenye thamani ya karibu Randi bilioni 30: ndege za kivita, helikopta, nyambizi tatu na manowari nne za aina ya MEKO A-200. Manowari hizo nne peke yake zilikadiriwa karibu Randi bilioni 7. Ziliundwa Ujerumani, mbili katika karakana ya Blohm + Voss mjini Hamburg na mbili katika ile ya HDW mjini Kiel. Mitambo mingi ya kivita ilifungwa baadaye huko Simon's Town. Ya kwanza, SAS Amatola, iliwasili mwaka 2003.

Kwa nini hawakuunda nyumbani? Tuwatendee haki walioamua. Meli ya kwanza ya aina yoyote ndiyo ghali kuliko zote, kwa kuwa karakana hujifunza kwa makosa. Gharama ya kujifunza ikigawanywa katika meli nne ni mzigo mzito. Ikigawanywa katika meli kumi hupungua. Australia ilifanya hesabu hiyo. Mwaka 1989 ilitia sahihi mkataba wa manowari kumi za ukoo huo huo wa MEKO, nane zake na mbili za New Zealand, ziundwe Williamstown katika jimbo la Victoria. Ramani ilitoka Ujerumani, kazi ikafanywa na mafundi wa kwao, na meli zikakabidhiwa moja moja kati ya mwaka 1996 na 2006. Miaka kumi ya kazi mfululizo hujenga ufundi. Hata hivyo ili kufikia idadi hiyo ilibidi mataifa mawili yaungane, na huko New Zealand wananchi wengi walipinga vikali, wakisema nchi ndogo haina haja ya meli za namna hiyo. Serikali yake ilipopata nafasi ya kuongeza nyingine, ilikataa.

Kwa hiyo kununua meli chache zilizo tayari si upumbavu, wala kuunda nyumbani si uzalendo kila mara. Karakana ikijengwa kwa meli nne tu na kufungwa, waliokula ni wachache na deni ni la wote.

4. Gharama zisizoandikwa kwenye bei

Gharama ya kwanza ni ya ahadi. Ili mlipakodi wa Afrika ya Kusini aukubali mzigo ule, aliambiwa kwamba wauzaji wa silaha watarudisha uwekezaji na biashara ya zaidi ya Randi bilioni 100, na ajira 65,000. Miongoni mwa ahadi hizo kilikuwamo kiwanda cha chuma cha pua huko Coega, kilichofungamana na mkataba wa nyambizi. Kiwanda hicho hakikujengwa. Kumbe ahadi iliyoambatana na silaha haina bunduki ya kuilinda.

Gharama ya pili ni ya sarafu. Mikataba ilihesabiwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za kigeni. Mwaka 1999 Dola moja ya Marekani ilikuwa karibu Randi 6. Mwishoni mwa mwaka 2001 ilivuka Randi 12. Mwenye kukopa kwa fedha ya jirani hulipa pia kwa makosa ya soko. Wataalamu wa serikali yenyewe walikwisha onya mwaka 1999, kwa maandishi, juu ya hatari hiyo na juu ya hatari ya ahadi za uwekezaji kutotimizwa. Kopa harusi, kulipa matanga.

Gharama ya tatu ni ya matunzo. Manowari huhitaji kupandishwa chelezoni, kubadilishiwa mitambo, mafuta, vipuri na mabaharia waliofunzwa. Katika miaka iliyofuata, fedha za matengenezo zilipopungua, sehemu kubwa ya manowari zile ilikaa muda mrefu bandarini bila kuweza kutoka. Ni mwembe wangu ule ule, ila mkubwa zaidi.

Gharama ya nne ni ya dhamiri. Mwezi Septemba 1999 mbunge Patricia de Lille alisimama bungeni akadai uchunguzi wa rushwa katika ununuzi huo. Mwaka 2005 mfanyabiashara Schabir Shaik alitiwa hatiani kwa rushwa na udanganyifu, na sehemu ya kesi yake iliihusu kampuni ya Kifaransa ya Thomson-CSF, iliyoshiriki katika mitambo ya kivita ya manowari hizo. Tume ya uchunguzi iliyoundwa mwaka 2011 ilitoa taarifa mwaka 2016 kwamba haikuona ushahidi wa rushwa. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilitengua matokeo hayo kwa kuwa tume haikuchunguza ipasavyo. Mali bila daftari huisha bila habari.

Ya tano ndiyo nzito kuliko zote. Katika miaka ile ile UKIMWI ulikuwa ukiua watu kwa maelfu nchini humo, na serikali ilisita kueneza dawa, mara nyingi ikitaja gharama. Mwezi Julai 2002 Mahakama ya Katiba iliiamuru iruhusu dawa ya nevirapine itolewe katika hospitali za umma, ili akina mama wasiwaambukize watoto wao wakati wa kuzaliwa. Sisemi kwamba manowari ndiyo iliyozuia dawa. Sababu zilikuwa nyingi. Nasema kwamba mama aliyeambiwa hakuna fedha alikuwa na haki ya kuuliza: za manowari zimetoka wapi?

5. Upande wa pili wa mizani

Haki hudai tuseme pia mema. Maharamia walipotoka Somalia wakashuka kusini, meli za Afrika ya Kusini zilianza mwaka 2011 kulinda mlangobahari wa Msumbiji, na mwaka 2012 Tanzania iliungana na nchi hizo mbili katika mapatano ya ulinzi. Mvuvi na baharia wa pwani yetu walifaidi. Bahari isiyolindwa huibiwa samaki, na hupitisha dawa za kulevya na watu waliouzwa. Ulinzi una thamani. Tunachouliza ni kipimo chake na njia ya kuupata.

Njia ya kati nayo ipo. Afrika ya Kusini ilipohitaji meli ndogo tatu za doria, mkataba ulikwenda kwa karakana ya Damen mjini Cape Town. Ramani ni ya Kiholanzi, mikono ni ya nyumbani, na ya kwanza ilikabidhiwa mwaka 2022. Anayeanza na meli ndogo hujifunza kwa hasara ndogo, na mara nyingi meli ndogo ndiyo inayotosha kwa mwizi wa samaki.

6. Na sisi je?

Tusiwanyooshee wenzetu kidole. Kenya ilitia sahihi mkataba wa meli yake Jasiri mwaka 2003, ikaundwa Hispania, na baada ya mabishano juu ya mkataba wenyewe ikafika Mombasa mwaka 2012. Tanzania ilinunua rada kwa kampuni ya Kiingereza ya BAE Systems kwa Pauni milioni 28, ununuzi uliopingwa na wengi kuwa ghali mno kwa nchi maskini. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mbele ya mahakama ya Uingereza kwamba haikutunza kumbukumbu za hesabu ipasavyo kuhusu biashara yake ya Tanzania, ikakubali kutoa Pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Fedha hizo zilielekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Mtoto aliyeketi juu ya dawati lile aliketi juu ya ushahidi kwamba kelele za raia si bure.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu aliweka mifano miwili bega kwa bega: mtu atakaye kujenga mnara na mfalme aendaye vitani. Wote wawili huketi kwanza wakahesabu. Hakumkataza mmoja kujenga wala mwingine kujilinda. Alisema kwamba yule aanzaye bila hesabu huchekwa na watu. Wazee wetu wa pwani nao walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Nyuma ya kila kinachoelea kuna aliyepasua mbao na aliyelipa. Wajibu wetu ni kumjua huyo aliyelipa, na kumtetea.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika mradi wetu wa mwisho wa parokia, je, tulihesabu matunzo au bei ya kununua tu? Daftari liko wapi, na nani ameliona?

2. Je, mbunge na diwani wetu wamewahi kutueleza mkataba mkubwa uliotiwa sahihi kwa jina letu: bei, sarafu, miaka ya kulipa na gharama za matengenezo? Tutamwomba lini atueleze?

3. Muuzaji akiahidi ajira, tudai nini kiandikwe, na adhabu gani, ili ahadi isibaki maneno?

4. Ni kitu gani, hapa petu, kimenyimwa fedha ili kingine kinunuliwe? Nani aliyekikosa?

Mungu awabariki, na awajalie ujasiri wa kuuliza kwa heshima na uvumilivu wa kungoja jibu.