Kuyajaribu Matoleo Mapya ya Vivinjari na Hifadhi ya Siri za Mtumiaji

(Matini ya mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa Serikali na wakaazi wa Kwa Mathias, Kibaha, Mkoa wa Pwani. Yanachapishwa hapa kwa faida ya watumishi na wananchi wa Visiwani.)





Nimetakiwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa sura yake laonekana kuwa la wataalamu peke yao, nalo ni kuyajaribu matoleo ya vivinjari vya intaneti kabla hayajatolewa kwa umma, na hasa zile sehemu mpya zinazosemwa kuwa zinalinda siri za mtumiaji. Kivinjari, kwa asiyelizoea jina hilo, ni ile programu tunayoifungua ili kusoma tovuti: Chrome, Firefox, Safari, Edge na nyenginezo. Leo mtumishi huitumia kutazama hati yake ya mshahara, kijana huitumia kuomba mkopo wa elimu ya juu, na mstaafu huitumia kufuatilia mafao yake. Kwa hiyo siri zinazopita humo si siri za wataalamu.

Makampuni yanayotengeneza vivinjari hayatoi toleo jipya kwa watu wote kwa siku moja bila ya kulijaribu. Firefox ina toleo liitwalo Nightly, ambalo hutengenezwa upya kila siku, kisha lipo la Beta ambalo limetulia kidogo, ndipo huja toleo la kawaida. Chrome nayo ina ngazi zake, na ile ya chini kabisa huitwa Canary. Jina hilo ni la ndege mdogo wa jamii ya chiriku, ambaye wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa wakishuka naye shimoni. Ndege akizimia, watu walijua kuwa hewa ya sumu imeingia, wakatoka mbio. Sijui kama kila anayelipakua toleo hilo huwa amefikiri ni nani katika hadithi hiyo aliye mchimbaji na ni nani aliye ndege.

Sasa natuangalie jambo moja la kale ambalo aghalabu husahauliwa. Tarehe 13 Oktoba 1994 kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Netscape ilitoa toleo la majaribio namba 0.9 la kivinjari chake. Ndani ya toleo hilo mlikuwa na kitu kipya alichokibuni mfanyakazi wake Lou Montulli: vidakuzi. Kidakuzi ni kijikaratasi kidogo ambacho tovuti hukiacha ndani ya kompyuta yako, ili ukirudi ikutambue. Kazi yake ya asili ilikuwa njema, kwani bila ya hicho tovuti ya duka isingekumbuka ulichokwisha kukichagua ulipohamia ukurasa wa pili. Lakini kivinjari kilivipokea vijikaratasi hivyo bila ya kumwuliza mwenye kompyuta wala kumwarifu. Umma ulikuja kulisikia jambo hilo kwa mapana mwezi wa Februari 1996, gazeti la Financial Times la London lilipoliandika. Zaidi ya mwaka mzima wageni waliingia nyumbani kwa watu pasi na kupiga hodi, na mlango waliopitia ulikuwa umefunguliwa katika toleo la majaribio.

Nimeanza na kisa hicho kwa makusudi. Tumezoea kudhani kuwa kujaribu ni kutafuta kinachovunjika: ukurasa haufunguki, herufi hazionekani, programu inajifunga. Vidakuzi havikuvunja kitu. Vilifanya kazi sawasawa. Anayejaribu hifadhi ya siri hana budi kuuliza swali jengine, nalo ni kuwa chombo hiki kinapofanya kazi sawasawa, kinampa nani habari zangu?

Mwaka 2005 kivinjari cha Safari kilileta dirisha la faragha. Mwezi wa Disemba 2008 Firefox nayo ililiweka dirisha hilo katika toleo lake la Beta, na likafika kwa watu wote tarehe 30 Juni 2009, wiki chache tu kabla ya waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari kuanza kufanya kazi hapa Afrika ya Mashariki. Chrome ilikuwa nalo tangu ilipotoka mwaka 2008, na kwa Kiswahili hulitaja kwa jina la Hali Fiche. Tangu hapo pamekuwapo kutoelewana kukubwa juu ya dirisha hili, na hapa naomba tukae kidogo.

Dirisha la faragha husahau. Ukilifunga, kivinjari hakibakishi orodha ya kurasa ulizozisoma, hufuta vidakuzi vilivyopokewa humo, wala hakiweki ulichokiandika katika fomu. Basi. Halimfichi mtumiaji kwa mwenye tovuti aliyoitembelea. Halimfichi kwa kampuni ya simu inayompatia intaneti, wala kwa mkuu wa mitambo ya ofisi ambaye mtandao wote hupita mikononi mwake. Aidha, faili ulilolipakua hubakia palepale lilipowekwa. Hili la mwisho ndilo linalowaumiza watu wetu kuliko yote. Mtu huingia katika duka la steshenari pale barabarani, akaomba afunguliwe dirisha la faragha kwa kuwa amesikia kuwa ndilo salama, akapakua hati yake ya mshahara, ikachapwa, akalipa akaenda zake. Dirisha limesahau kila kitu, lakini hati yenye jina lake, cheo chake, namba ya akaunti yake ya benki na makato ya mikopo yake imelala ndani ya kompyuta ya duka, pamoja na hati za wenziwe 20 waliomtangulia. Hakuna aliyeiba. Kila kitu kimefanya kazi kama kilivyotengenezwa.

Kutoelewana huko hakuko kwetu tu. Mwezi wa Juni 2020 watumiaji kadhaa walifungua kesi California dhidi ya Google, wakidai kuwa kampuni hiyo iliendelea kukusanya habari za watu waliokuwa ndani ya Hali Fiche. Pande mbili zilifikia makubaliano mwezi wa Disemba 2023, na masharti yake yalipowekwa wazi mwezi wa Aprili 2024 ilionekana kuwa Google imekubali kuziharibu kumbukumbu zilizohesabiwa kwa mabilioni. Watumiaji hawakulipwa fidia kwa pamoja. Baina ya miezi hiyo miwili likatokea jambo ambalo kwangu ndilo lenye mafunzo zaidi kuliko kesi yenyewe. Mwezi wa Januari 2024 waliokuwa wakilijaribu toleo la Canary walifungua dirisha la Hali Fiche wakakuta maneno ya ukurasa wa mwanzo yamebadilika. Sasa maneno yalisema bayana kwamba dirisha hilo halibadilishi namna tovuti zinavyokusanya habari, na Google yenyewe ikatajwa kwa jina. Hapakuwa na tangazo. Walioliona ni wale waliozoea kusoma kila neno katika toleo jipya na kulilinganisha na la zamani.

Nawasihi mulizingatie hilo. Jaribio la maana kuliko yote katika mwaka ule halikuhitaji ujuzi wa kuandika programu. Lilihitaji msomaji makini, na wasomaji makini tunao: makarani wa masjala, walimu, mahakimu. Mtu aliyezoea kuugundua mkono wa mtu mwengine katika hati hashindwi kuona kuwa sentensi imehama.

Zipo pia hifadhi za kweli zilizopitia njia hii ya majaribio. Mwaka 2015 Firefox ilijaribu kuwazuia wafuatiliaji ndani ya dirisha la faragha, yaani yale makampuni ya matangazo ambayo hukufuata kutoka tovuti hadi tovuti, na ikaitoa hifadhi hiyo kwa wote mwezi wa Novemba mwaka huohuo. Mwaka 2019 ikaanza kuwazuia hata katika dirisha la kawaida bila ya mtumiaji kugusa kitu. Mwezi wa Juni 2022 ikafanya kuwa jambo la kawaida kila tovuti iwe na mtungi wake wa vidakuzi, ya pili isiweze kuchungulia ndani ya mtungi wa ya kwanza. Safari ilikwisha kuvifungia vidakuzi vyote vya wageni tangu Machi 2020. Chrome, ambayo ndiyo inayotumiwa na watu wengi kuliko zote duniani, iliahidi mwaka 2020 kuviondoa katika muda wa miaka 2, ikaahirisha mara kwa mara, ikaanza jaribio kwa asilimia 1 ya watumiaji wake mwezi wa Januari 2024, na mwezi wa Julai mwaka huohuo ikaiacha ahadi yake. Mwenye kivinjari hicho anaishi kwa matangazo. Sina haja ya kuongeza neno.

Ndugu watumishi, sasa nafika kwenye jambo linalohusu ofisi zetu moja kwa moja. Matoleo ya majaribio ya Firefox hupeleka kwa watengenezaji wake taarifa nyingi zaidi za namna programu inavyotumika kuliko toleo la kawaida. Hilo si hila. Ndilo lengo la majaribio, na limeandikwa wazi. Lakini maana yake ni kwamba anayejitolea kuijaribu hifadhi mpya ya siri hutoa habari zaidi kuliko jirani yake asiyejitolea. Mtu binafsi ana hiari ya kufanya hivyo kwa habari zake. Mtumishi hana hiari hiyo kwa habari za wananchi, kwani hizo ni amana. Kompyuta inayofungua majalada ya wagonjwa, matokeo ya wanafunzi au kumbukumbu za ardhi isiwekwe toleo la majaribio la kivinjari chochote, hata kama linasifiwa namna gani, na hata kama aliyeliweka ni kijana hodari wa idara.

Katika hili sheria nazo zipo. Haki ya faragha imo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 16, na katika Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 15. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi tarehe 3 Aprili 2024. Anayeshika habari za watu anawajibika kuzilinda, na udadisi wa kujaribu programu mpya hautakuwa utetezi.

Nimeulizwa hapa kabla ya kikao, je, kijana wa Kwa Mathias mwenye kompyuta yake mwenyewe afanyeje akitaka kushiriki? Aliweke toleo la majaribio kando ya lile la kawaida, kila moja na kumbukumbu zake. Nightly na Canary zote zinaruhusu hivyo. Asizifungue kumbukumbu zake za kawaida kwa toleo jipya akitaraji kurudi nyuma, maana tangu Mei 2019 Firefox ya zamani hukataa kuzifungua kumbukumbu zilizokwisha kushikwa na toleo lililo mbele yake. Asiingie benki kwa toleo hilo, wala asiandike namba ya kitambulisho cha Taifa. Atumie akaunti aliyoifungua kwa ajili ya kazi hiyo tu.

Kisha ajaribu mambo yaliyo karibu na maisha ya hapa. Afungue dirisha la faragha, aingie katika akaunti, alifunge, alifungue tena, atazame kama anadaiwa nywila. Apakue faili, alifunge dirisha, aende kulitafuta. Awape simu watu wawili wa nyumba moja, kila mmoja afungue dirisha lake kwa zamu, atazame kama wa pili anayaona ya wa kwanza. Simu moja inayotumiwa na mama na wanawe ni jambo la kawaida kwetu, na mtengenezaji aliyeko mbali huenda asilifikirie asipoambiwa.

Asome pia Kiswahili chake. Hili silitaji kwa ushabiki wa lugha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na kazi ile ilionesha kuwa maneno ya kompyuta yanaweza kupimwa na wenye lugha kabla ya kuenea. Hali Fiche ni jina zuri kwa sikio, lakini linaahidi kificho ambacho dirisha halina. Anayeambiwa kuwa amejificha hujiachia. Mimi ningelipendelea jina linalosema kuwa dirisha halikumbuki, na ikiwa wapo wanaoniunga mkono, mahali pa kulisemea ni katika ripoti za majaribio, ambamo kosa la tafsiri hupokewa kama kosa jengine lolote.

Ripoti yenyewe iwe fupi. Itaje namba kamili ya toleo, ambayo hupatikana katika sehemu ya Kuhusu. Itaje aina ya simu au kompyuta. Ieleze hatua kwa hatua ulichokifanya, ulichokitarajia na ulichokiona. Picha ya skrini husaidia sana, lakini itazamwe kwanza kabla ya kupelekwa, na kila jina, namba ya simu au namba ya akaunti ifutwe, kwani ripoti hizo aghalabu husomwa na mtu yeyote duniani. Anayeona kuwa kosa alilolikuta linaweza kuwadhuru watu likitangazwa kabla ya kurekebishwa, aipeleke ripoti yake kwa njia ya siri. Firefox na Chrome zote zina mlango wa namna hiyo, na ripoti iliyopita humo haioneshwi kwa umma mpaka dawa imepatikana.